Hyumidifaya ya fanesi: ya ngoma, ya pedi au ya mvuke?

MamaZuhura_Minneapolis
Habari zenu wapendwa. Tulihamia nyumba yetu mwezi wa nane. Juzi baridi ilipofika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri ndipo nikafungua hyumidifaya, kifaa cha kuongeza unyevu hewani, iliyofungwa ubavuni mwa fanesi, mtambo wa kupasha nyumba joto. Ni ile ya ngoma, sponji inazunguka ndani ya beseni la maji. Sponji imekauka ngumu kama mkate wa juzi, beseni lina utelezi wa rangi ya waridi, na harufu ni ya mtungi uliosahauliwa. Binti yangu anatokwa na damu puani karibu kila asubuhi. Kipimo cha unyevu sebuleni kinasoma asilimia 14. Mimi mtu wa Tanga, hewa kavu namna hii sijapata kuiona. Nioshe hii hii, niweke ya pedi, au nijikaze ninunue ya mvuke?

FundiKombo
Pole sana dada, na mtoto mpe pole. Kazi ya fanesi naifanya mwaka wa 11 sasa hapa Columbus. Tatizo la ngoma ni maji kutuama. Mahali penye giza na vuguvugu, maji yakituama huota ukungu na bakteria, kisha hewa inayopita hapo ndiyo mnayovuta vyumbani. Ukibaki nayo, uioshe kila baada ya wiki mbili tatu msimu mzima. Zima swichi ya fanesi kwanza, funga maji, beseni uliloweke kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu mpaka ukoko wa chokaa ulegee, halafu suuza vizuri. Sponji hiyo usihangaike nayo, tupa.

Ya pedi maji yanachuruzika juu ya pedi, yanayobaki yanashuka kwenye mpira hadi shimo la maji machafu sakafuni. Pedi unabadilisha mara moja kwa mwaka, kabla baridi haijaanza. Mwenye watoto na kazi za zamu namshauri hiyo.

Mkenya_Edmonton
Naunga mkono pedi, lakini mjue inakunywa maji: mengi yanaishia shimoni kuliko yanayopanda hewani. Na ule mpira msiusahau. Mwaka jana nilibadilisha pedi nikajiona nimemaliza. Januari nashuka besimenti, soksi zinalowa. Mpira ulikuwa umezibwa na magamba meupe ya chokaa, maji yamefurika hadi kwenye zulia. Siku hizi nauchomoa, namimina maji ya moto yenye siki, kisha naangalia kama yanatoka kwa kasi upande wa pili. Kile kitundu kidogo kinacholeta maji juu ya pedi nacho huziba. Kiloweke kwenye siki tu. Ukikichokonoa kwa msumari kitapanuka, maji yazidi.

Salma_Kitchener
Sisi tuna ya mvuke mwaka wa tatu. Kwa kufanya kazi, haina mpinzani: inachemsha maji yenyewe, haingoji fanesi iwake ndipo itoe unyevu. Ila dada usiinunue kabla hujajua maji yenu yakoje. Maji ya huku ni magumu mno, kopo la kuchemshia linajaa chokaa na kila msimu tunanunua jipya, ambalo bei yake ni pedi kadhaa. Umeme nao inautaka, tena kwa laini yake yenyewe, aje fundi wa umeme. Kwa nyumba kubwa ningeinunua tena. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, hapana.

Bahati_Maine
Kwa wenzangu tunaopanga na hatuna fanesi: kile kidogo cha mezani kinachotoa ukungu baridi, kiwekeeni maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya galoni ya dukani. Maji ya bomba yanaacha vumbi jeupe mpaka juu ya televisheni. Na kioshwe mara kwa mara, maji yasilale.

FundiKombo
Asante Bahati. Nyongeza moja muhimu, maana hapa ndipo watu wanaharibu nyumba: msitafute asilimia 45 wakati nje kunaganda. Nje ikiwa nyuzi 12 chini ya sifuri, weka 30. Ikiwa 18 chini, weka 25. Ikiwa 23 chini, weka 20, na ikifika 29 chini, 15 inatosha. Ukizidisha, madirisha yanalia maji, mbao zinalowa, ukungu unaingia ukutani. Mama Zuhura, kwa hiyo 14 yako si mbaya kama ulivyodhani, lakini kuna nafasi ya kupanda. Damu ikiendelea, mtoto aonwe na daktari.

MamaZuhura_Minneapolis
Nashukuru sana wote. Tumeitoa ya ngoma Jumamosi, imefungwa ya pedi. Leo siku ya tano, nje nyuzi 17 chini ya sifuri, kipimo kinasoma 24 na madirisha makavu. Binti ameamka mara mbili mfululizo mto ukiwa safi. Fundi, kuna kilango kwenye bomba la hewa kimeandikwa majira ya joto na baridi. Nakigeuza lini?

FundiKombo
Alhamdulillahi. Sasa kiache kwenye baridi, maana kikigeuzwa majira ya joto kinafunga, hewa haipiti kwenye pedi. Mkizima fanesi mwezi wa tano, funga maji, kigeuze, toa pedi ya zamani. Tarehe iandike kwa kalamu ya wino kwenye mfuniko.