Tunapeleka mafundi watano Lubumbashi, tuwaandae vipi?

Binti_Kurasini:
Wakuu, habari za humu. Niko idara ya rasilimali watu kwenye kampuni ya malori hapa Dar. Mwezi wa tisa tunafungua gereji Lubumbashi na mafundi wetu watano wataenda kukaa huko mwaka mzima. Bosi anasema semina ya asubuhi moja inatosha, kwani Wakongo wa kule nao wanaongea Kiswahili. Mimi roho haijatulia. Wawili hawajawahi kuvuka mpaka wowote, na mmoja mke wake ni mjamzito. Bajeti ipo ila ya kubana. Nianze na nini?

Fundi_Copperbelt:
Dada, anza na karatasi, tena wiki hii. Nimefanya kazi Lubumbashi miaka kadhaa, naongea nililoliona.

Kadi ya njano kwanza. Chanjo ya homa ya manjano inahesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechomwa jana na kupanda basi leo anajitafutia usumbufu mpakani. Halafu vibali. Mgeni aliyeajiriwa anatakiwa awe na kadi ya kazi na viza inayoendana nayo, na uhamiaji wao, DGM, wanapita kukagua mpaka gereji. Msiwavushe kama watu wa matembezi wakaanze kushusha giaboksi. Akikamatwa, anayelala ndani ni fundi, si kampuni.

Kuhusu lugha, bosi wako yuko sahihi nusu. Sokoni na gereji watasikilizana. Lakini fomu, benki, polisi na risiti ya vipuri vyote ni Kifaransa. Tafuteni mwalimu awafundishe Kifaransa cha kazi: majina ya vipuri, tarehe, bei, kumweleza daktari wapi panauma. Mwambieni awafundishe hesabu za kule, maana Kongo sabini ni septante na tisini ni nonante kama Wabelgiji. Fundi aliyefundishwa za Paris atakwama kwenye simu akitajiwa bei ya pampu.

Na kuendesha. Ukitoka Zambia ukavuka Kasumbalesa, barabara inahamia kulia. Fundi ndiye anayetoa lori nje kulijaribu baada ya matengenezo, na kwenye mzunguko wa barabara mkono unakwenda ulikozoea. Wiki ya kwanza asitoke peke yake.

Posho mkiwapa kwa dola, mhasibu akague noti moja moja. Yenye mchaniko hata mdogo pembeni inakataliwa dukani. Na wasipige picha madaraja, mpaka wala ofisi za serikali.

Kijana_wa_Ilala:
Mnazidisha. Mtu mzima atajifunza akifika.

Fundi_Copperbelt:
Atajifunza, mdogo wangu, kwa kulipa faini na kulala kituoni. Nimeona vijana wazuri wa kazi wakirudishwa nyumbani wamevunjika moyo, na kosa halikuwa lao.

Mama_Wawili_Mbagala:
Jamani, na sisi tunaobaki? Mume wangu alipelekwa Kongo na kampuni moja. Semina walifanya, ya wanaume tu. Mshahara ukachelewa, ada za watoto zimefika, nikapiga simu ofisini. Mhasibu akaniambia hanitambui, nimwambie mume wangu apige mwenyewe. Mume yuko porini, mtandao hakuna. Nilikopa kwenye kikoba nikalipa ada.

Mdogo wangu, waite na wake zao ofisini. Wakubaliane mbele yako kiasi gani kinaingia akaunti ya hapa na kiasi gani anabaki nacho. Mpe kila mke namba ya mtu mmoja mwenye jina, si namba ya mapokezi. Bima ya familia na michango ya NSSF visikatike. Na liandikwe kwenye mkataba: mzazi akifariki, nauli ya kuja kuzika analipa nani, na anapewa siku ngapi? Kwetu hilo halikuandikwa, mume wangu akazikiwa baba yake hayupo. Huyo mwenye mke mjamzito, naomba sana, aende baadaye, mtoto akishazaliwa.

Binti_Kurasini:
Dada, pole sana. Hilo la wake zao sikuwa nalo kabisa kwenye mpango, naliingiza leo. Fundi, nikiwa na hela ya jambo moja tu la ziada, nifanye lipi?

Fundi_Copperbelt:
Mtangulize mmoja, yule mkubwa wao wanayemsikiliza. Akae wiki chache, aone nyumba, ajue zahanati ipi iko wazi usiku, duka lipi lina vipuri vya kweli. Kisha arudi awafundishe wenzake kabla hawajafunga mabegi. Nyumba msilipie kodi ya mwaka mpaka yeye ameilala siku maji yamekatika.

Halafu nikuulize na mimi: mwaka ukiisha, nafasi zao hapo Dar zitakuwepo? Wataliuliza hilo kabla ya yote, na bosi awajibu kwa barua.