Kompyuta ya nyumbani ina programu jasusi? Naomba mwongozo wa kuitambua na kuiondoa

MstaafuMwanga (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Mwanga hapa Kigoma, na nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani tunayoitumia sote: mke wangu huandikia ankara za mawese na dagaa anazowatumia wanunuzi wa Dar es Salaam na Tabora, wajukuu hufanyia kazi za shule na michezo, nami husomea magazeti. Miezi miwili iliyopita ilikuwa nzito mno, tukaipeleka kwa fundi, akaipiga Windows upya na kutuwekea programu za ofisi, yote kwa siku moja na kwa bei ambayo sasa naiona ilikuwa nafuu kupita kiasi.

Tangu irudi, bando la mwezi linaisha ndani ya siku kumi au kumi na mbili. Kivinjari kikifunguliwa hakianzi na Google kama zamani, bali na ukurasa wa kutafutia nisioufahamu, na nikiurejesha wa zamani, kesho yake umebadilika tena. Lakini lililoninyima usingizi ni la Jumanne. Mnunuzi wetu wa Tabora alimpigia simu mke wangu kuuliza kwa nini tumebadilisha akaunti ya benki, kwa kuwa alikuwa amepokea barua pepe kutoka anwani yetu ileile, yenye ankara yetu ileile, isipokuwa namba ya akaunti ilikuwa ya mtu mwingine. Mke wangu hakuiandika barua hiyo, na katika barua zilizotumwa haimo.

Nimeskani kwa antivairasi iliyomo ndani ya Windows, ikanijibu kwamba hakuna tishio lolote. Je, niiamini? Na kama kuna programu inayotuchungulia, inatafutwaje na mtu asiye fundi?

Fundi_Gungu (Kigoma)

Shikamoo Mwalimu. Pole sana, na umfikishie mama pole zangu.

Kabla ya kutafuta chochote, chomoa modemu. Mama asifungue barua pepe wala huduma ya benki kwenye kompyuta hiyo mpaka kazi iishe, na leo hii awapigie simu wanunuzi wote, si yule wa Tabora peke yake, awaambie kwamba akaunti haijabadilika na kwamba badiliko lolote watalisikia kwa sauti yake. Huyo mmoja alikuwa makini. Wa pili anaweza akalipa bila kuuliza.

Sasa kuhusu hilo jibu la "hakuna tishio". Sisi mafundi tunajuana. Windows isiyo na leseni huamshwa kwa programu ndogo iliyochakachuliwa, na kwa kuwa antivairasi huikamata programu hiyo mara moja, maelezo yanayokuja nayo humwelekeza fundi aizime antivairasi kwanza, au aiwekee orodha ya mahali pasipokaguliwa. Wengi, kwa haraka ya kazi, huandika diski C nzima katika orodha hiyo na kusahau kuifuta. Ukishafanya hivyo umemwajiri mlinzi na kumkataza kuingia ndani. Asubuhi ukimuuliza kama ameona mwizi, atakujibu kwa ukweli mtupu kwamba hakumwona.

Kwa hiyo fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi na vitisho, kisha mipangilio yake, ushuke hadi chini penye neno Exclusions. Kompyuta ya nyumbani kwa kawaida haina sababu ya kuwa na kitu humo. Ukikuta chochote, kipige picha kwa simu kisha ukifute. Rudisha modemu kwa dakika chache ili antivairasi ipate orodha mpya ya virusi, halafu katika machaguo ya kuskani uchague ile inayoitwa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kujiwasha, na itakaguliwa kabla Windows yenyewe haijaamka, kwa hiyo programu iliyozoea kujificha haipati nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15. Umeme ukiwa wa kusuasua siku hiyo, subiri utulie.

Baada ya hapo fungua orodha ya programu zilizowekwa na uipange kwa tarehe. Siku mliyoipeleka kwa fundi unaifahamu, kwa hiyo zile za siku hiyo utaziona zimekaa pamoja, nawe jiulize kwa kila moja kama uliiomba. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka. Kivinjari nacho kikague viendelezi vyake, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani yake, maana ukurasa unaorudi kila ukiufuta kwa kawaida unarudishwa na kiendelezi, au na programu nyingine iliyolala nje ya kivinjari. Ukikuta Chrome inasema kwamba inasimamiwa na shirika, ilhali hiyo ni kompyuta ya sebuleni kwako, elewa kwamba kuna programu iliyoiwekea amri.

Mhasibu_Isevya (Tabora)

Naungana na Fundi kwa mengi, ila suala la bando nisingelihesabu haraka kuwa ushahidi. Mimi nilimshuku mtoto wa jirani kwa mwezi mzima, kumbe Windows ilikuwa inapakua masasisho na, zaidi ya hapo, inawagawia kompyuta nyingine za mtandaoni vipande vya masasisho hayo kwa bando langu. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, penye matumizi ya data. Utaonyeshwa kila programu imetumia kiasi gani katika siku 30 zilizopita. Kama kinachotafuna ni Windows yenyewe, iambie kwamba mtandao wako ni wa kupimiwa (metered) nayo itapunguza. Kama ni jina usilolijua, hapo una jambo.

Na jingine. Ukiwa unatafuta dawa mtandaoni utakutana na matangazo mekundu yanayopiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi mia tatu, na kitufe cha kuvisafisha bure. Usikiguse. Hiyo ndiyo mojawapo ya njia ambazo programu jasusi huingilia. Ukitaka jicho la pili baada ya Defender, Malwarebytes ya bure inatosha, nawe uipakue kwenye tovuti yao wenyewe. Usiweke antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja, kwa sababu hugombana na kuizidishia kompyuta uzito.

MstaafuMwanga (Kigoma)

Marahaba Fundi, na asante Mhasibu. Nimefuata yote na naripoti kama nilivyokuta.

Orodha ya Exclusions ilikuwa na diski C nzima, kama ulivyobashiri. Nimeifuta, nikaskani kwa ile ya Offline. Safari hii yamepatikana matatu: moja ni hiyo ya kuamshia Windows, na mawili yamepewa majina yanayoanza na Trojan, yaani programu hasidi inayojifanya ya kawaida. Yote yameondolewa. Miongoni mwa programu za siku ya fundi nimekuta pia programu ya kuiongoza kompyuta kutoka mbali, inayojiwasha yenyewe, ambayo hatukuiomba. Katika matumizi ya data, Windows imekula sehemu kubwa, kwa hiyo Mhasibu ana haki yake.

Nimejaribiwa kumwendea yule fundi na kumwita mwizi mbele ya wateja wake. Mke wangu amenizuia. Je, sasa kompyuta ni safi?

BintiKasulu (Kigoma)

Shikamoo baba. Kompyuta inaweza kuwa safi na hasara ikaendelea, kwa sababu kilichoibiwa hakikubaki kwenye kompyuta. Programu za aina hii huchukua nywila zote ambazo kivinjari kimezihifadhi, na vilevile vibali vinavyomfanya mtu aingie bila kuulizwa nywila, kisha huvituma kwa mwenyewe. Hazihitaji siku nyingi kumaliza kazi hiyo. Kuifuta programu leo hakumnyang'anyi mtu alichokwisha kukibeba.

Kwa hiyo mama achukue simu yake, wala si kompyuta hiyo, na abadilishe nywila ya barua pepe kwanza kuliko nyingine zote, kwa maana barua pepe ndiyo inayotumika kurejeshea nyingine. Aangalie orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na aviondoe vyote asivyovitambua. Ahakikishe namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti ni zake. Awashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Halafu kuna sehemu moja ambayo watu wengi huisahau, nami niliisahau mpaka ikanigharimu. Kama ni Gmail, kwenye mipangilio yake kuna mahali pa kusambaza barua kwenda anwani nyingine, na mahali pa vichujio. Mwizi mwenye akili haingii kila siku. Anaingia mara moja, anaweka kichujio kinachompelekea nakala ya kila barua yenye neno fulani, au kinachozitupa barua fulani kabla mwenyewe hajaziona, kisha anaondoka. Unaweza ukabadilisha nywila mara kumi na kichujio kikabaki palepale. Mipangilio hii kwenye programu ya simu huwa haionekani yote, kwa hiyo aifungue kwa kivinjari, kwenye kompyuta nyingine mnayoiamini.

WhatsApp nayo, kama aliwahi kuifungua kwenye kompyuta hiyo, aondoe vifaa vyote vilivyounganishwa. PIN ya pesa za simu haiandikwi kwenye kompyuta, kwa hiyo sina wasiwasi nayo, labda kama kuna faili mahali fulani limeandikwa "PIN zangu". Wapo wanaofanya hivyo, baba, na sitaji mtu.

Fundi_Gungu (Kigoma)

Mwalimu, kwa swali lako: mimi kompyuta iliyokutwa na Trojan, na ambayo shughuli za fedha hupitia humo, siiiti safi kwa kuskani peke yake. Ningeipiga upya. Najua ni usumbufu, na najua usemi huo umewatajirisha mafundi wengi, ila hapa una sababu.

Nakili nyaraka na picha tu, usinakili programu wala michezo. Kabla ya kunakili iambie Windows ionyeshe viishio vya majina ya faili, kwa sababu huwa imevificha, na faili linaloonekana kuwa "ankara.pdf" linaweza kuwa "ankara.pdf.exe", yaani programu iliyovaa kanzu ya waraka. Flashi ya kuwekea Windows iwe ya gigabaiti 8 au zaidi, itengenezwe kwenye kompyuta nyingine kabisa kwa kutumia zana ya Microsoft wenyewe. Upakuaji wake ni wa gigabaiti kadhaa, kwa hiyo panga bando la usiku. Wakati wa kuweka, futa sehemu zote za diski, usiiweke juu ya ile ya zamani.

Leseni ndiyo penye uchungu. Geuza kasha la kompyuta: kama iliuzwa ikiwa na Windows halali, kibandiko kitakuwepo, na kwa nyingi leseni imeandikwa ndani ya bodi yenyewe, itajitambua bila kuulizwa. Mafundi huchakachua hata mashine ambazo leseni yake ipo. Kama haipo, afadhali Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice kwa kazi za ofisi, ambazo ni bure na halali, kuliko kurudia safari ileile. Angalia pia toleo: Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Mhasibu_Isevya (Tabora)

Mama amekuzuia vema. Programu ile ya kuongozea kutoka mbali yawezekana fundi aliiweka ili akusaidie bila wewe kusafirisha kompyuta, na zile Trojan zikawa zimekuja ndani ya programu iliyochakachuliwa bila yeye kujua. Yawezekana pia sivyo. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini anayethibitisha ni mpelelezi, na ukimtukana mtu mbele ya wateja utakuwa wewe ndiye wa kujieleza. Picha ulizopiga, barua aliyopokea mnunuzi, na namba ya akaunti iliyotajwa humo ndivyo vya kupeleka polisi. Mwombe mnunuzi asiifute barua hiyo, na asikutumie picha yake tu, kwa sababu taarifa za njia iliyopitia zimo ndani ya barua yenyewe. Benki yenye akaunti hiyo nayo iarifiwe mapema.

MstaafuMwanga (Kigoma)

Binti, kichujio kilikuwepo. Tumekikuta jana kwenye kompyuta ya mdogo wangu kule Ujiji: kila barua yenye neno "malipo" au "ankara" ilikuwa inapelekwa kwenye anwani tusiyoifahamu. Mke wangu alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole ankara alizotuma tangu kompyuta iliporudi. Zilikuwa kumi na saba. Wanunuzi wote amekwisha kuzungumza nao, na hakuna aliyelipa kwingine.

Kibandiko cha leseni kimepatikana, kimefunikwa na vumbi upande wa nyuma. Kwa hiyo Jumamosi tunaipiga upya. Limebaki swali moja: flashi ya mjukuu, ambayo imekuwa ikichomekwa humo miezi yote miwili na ina kazi zake za shule, tuitupe?

Fundi_Gungu (Kigoma)

Usiitupe, Mwalimu. Windows mpya ikishakuwa tayari na antivairasi imesasishwa, ichomeke, usifungue faili lolote, bonyeza kitufe cha kulia juu ya jina lake na uiskani. Hamisha kazi za shule zilizo nyaraka halisi, kisha iformati. Ukikuta folda zake zimegeuka kuwa njia za mkato zenye kamshale kadogo, usizibonyeze. Niletee Gungu nikutolee mafaili yake, wala sitakutoza.