Nimetolewa kwenye grupu la mtaa kisa kidoa cha kijani pembeni ya mwezi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Wiki iliyopita mbalamwezi ilikuwa kali. Wavuvi wa dagaa wamefunga mitumbwi, maana taa zao hazishindani na mwezi mpevu, kwa hiyo ufukweni Kirumba watu walikuwa wengi na hawana kazi. Nikapiga picha ya mwezi juu ya ziwa kwa simu, nikaitupia grupu la mtaa. Pembeni kulikuwa na kidoa cha kijani. Kosa langu ndilo hilo.

Kabla ya saa nne usiku kidoa kishakuwa chombo cha viumbe wa huko juu. Mwingine akasema ni kambi ya Wachina. Mzee wetu mmoja (shikamoo yake naitoa kila asubuhi, hilo lisiharibike) akarekodi sauti ya dakika saba kuhusu siku za mwisho. Kesho yake picha yangu ikanirudia kutoka Geita, imezungushiwa duara jekundu na maneno "imepigwa na mtaalamu". Mtaalamu! Mimi nauza spea za bodaboda Igoma.

Nikawaeleza taratibu. Mwanga mkali ukiingia kwenye lenzi unagongana na vioo vya ndani, unaacha kivuli chake upande wa pili wa picha. Fungua kamera, elekeza mwezini, sogeza simu: mwezi ukienda kushoto kwenye kioo, kidoa kinakwenda kulia. Ziba mwezi kwa kidole, kidoa kinapotea. Chombo gani hicho kinachoogopa kidole changu? Jaribio la nusu dakika, na hakuna hata mmoja aliyelifanya. Nikajibiwa nimelipwa.

Kisha yakaja yale mapicha ya zamani ya uso wa mwezi yenye "minara" na "barabara" zilizonyooka. Nikasema jamani, vyombo vya Lunar Orbiter vya Marekani, vilivyouzunguka mwezi na kuupiga picha 1966 na 1967, vilibeba filamu. Ilisafishwa humo humo angani, kama studio zetu za zamani, ikasomwa utepe kwa utepe na kutumwa kwa redio. Palipounganishwa tepe pana mistari, na dawa ya kusafishia ikikosea inaacha madoa. Halafu jua likiwa chini, jiwe dogo tu linatupa kivuli kirefu kama mnara. Mnaishi Mwanza, mawe yote haya, vivuli vya saa kumi na mbili jioni hamvijui?

Kuna aliyeleta "kibanda" kilichoonwa huko mwezini na kigari cha Wachina, Yutu-2, mwishoni mwa 2021. Hicho angalau kilikuwa swali la haki, kwa mbali kilifanana kweli na nyumba. Kigari kikasogea, na Januari 2022 ikajulikana ni jiwe. Habari ya jiwe haikufika grupuni.

Simu zenyewe nazo si za kuaminika. Mwaka 2023 jamaa mmoja aliififisha picha ya mwezi makusudi, akaiweka kwenye kompyuta gizani, akaipiga kwa simu. Simu ikatoa mashimo ya mwezi ambayo kwenye ile picha hayakuwepo! Programu imejazia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa hawa, ukiwaletea picha ya sangara mkubwa, wanauliza kavuliwa wapi, nani kamshika, mbona kasogezwa karibu na kamera. Mahakama nzima. Picha ya mwezi, ulio wastani wa kilomita 384,400, wanaimeza na mifupa yake.

Jana usiku admini kanitoa, eti "naleta ujuaji". Sawa. Ila mchango wangu wa msiba wa mwezi uliopita nilishatuma, na daftari la majina linabandikwa humo humo grupuni. Kama uko humu admini, na najua uko humu, nirudishe nione kama jina langu limeandikwa. Picha halisi bado ninayo, haijakatwa. Anayetaka aje dukani aione, na simu ya kufanyia jaribio nitampa.