Naomba ushauri: tuanze na vali za kutenga au kuunganisha ncha za mabomba?
Ndugu wataalamu, naomba ushauri kuhusu mtandao wa maji wa mji uliojengwa kama matawi ya mti, kiasi kwamba bomba kuu likipasuka, wateja wote walio mbele yake hukosa maji hadi mafundi wamalize kazi. Bajeti inatosha jambo moja tu: ama kuunganisha ncha za mabomba ili maji yafike kila eneo kwa njia mbili, ama kuongeza vali za kutenga (za kufunga maji katika kipande kimoja tu cha bomba) pamoja na mita za kanda (za kupima maji yanayoingia kila eneo). Mimi naelekea kwenye vali, kwa sababu mzunguko unaopatikana kwa kuunganisha ncha, usipokuwa na vali za kutosha, bado hulazimisha kufunga eneo kubwa. Hofu yangu ni mgawo wa maji: bomba likibaki tupu, maji machafu ya ardhini huweza kupenya kwenye nyufa.

Nimeandaa modeli kwa EPANET, programu ya kompyuta ya kuiga mitandao ya maji, ambayo kwa kawaida huchukulia kuwa mahitaji yote yanatimizwa hata msukumo ukishuka, dhana isiyofaa kabisa kwa mtandao wa mgawo. Je, mliotumia uchambuzi unaotegemea msukumo, ulioongezwa katika toleo la 2.2, mlichagua vipi kiwango cha chini cha msukumo, na vali zipi mlizipa kipaumbele?