UZI WA MALALAMIKO: Acheni kugawa vitabu vya misiba kwa watu walioomba riwaya nyepesi za wanawake

Wadau, leo salamu ni fupi maana jambo hili limezidi.

Mtu anaingia na ombi la kawaida kabisa: riwaya nyepesi ya kisasa ya wanawake, kitu cha kupumzisha kichwa. Muda si muda amemiminiwa majina kumi yaliyo uchi, bila hata sentensi moja ya maelezo. "Hiki ni moto." "Utakipenda." "Nililia mpaka asubuhi." Mtu kaomba kucheka, ninyi mnampa kitabu cha kulia mpaka asubuhi, halafu akirudi kulalamika anaambiwa hajui fasihi. Huko ni kumkosea heshima msomaji.

Tuchukue Me Before You ya Jojo Moyes, iliyotoka 2012, maana hii haikosekani kwenye orodha zenu. Nusu ya kwanza inachekesha kweli: Louisa Clark na mavazi yake yasiyoeleweka, kapoteza kazi ya mgahawani, kaajiriwa kwa miezi sita kumhudumia Will Traynor aliyepooza baada ya kugongwa na pikipiki. Lakini kitovu cha kitabu ni mtu aliyekwisha kuamua kwenda Uswisi kusaidiwa kufa, na ile miezi sita ndiyo muda aliowapa wazazi wake. Ni kitabu kizuri, tena kizuri sana. Chepesi hakiko hata chembe. Mnaokipendekeza mnakumbuka soksi za Louisa na kusahau kila kilichofuata.

Au It Ends with Us ya Colleen Hoover, 2016. Mwanamke kijana anafungua duka la maua, anakutana na daktari wa upasuaji, na maua yako mpaka kwenye jalada. Samani zote za riwaya nyepesi zimo. Ndani ni ukatili wa ndoani, na vipigo vimeandikwa waziwazi. Sasa fikirini aliyeomba kitabu ni mwanamke aliyetoka kwenye ndoa ya namna hiyo wiki iliyopita. Mpendekezaji aliyeandika "mapenzi matamu" na kuondoka amemtendea nini?

Mfululizo nao mnauharibu. Bridget Jones ya Helen Fielding ilianza 1996, na kitabu cha kwanza ni kicheko mwanzo mwisho. Kitabu cha tatu, Mad About the Boy cha 2013, kinamkuta Bridget mjane mwenye watoto wawili. Mumewe, Mark Darcy, ameshakufa. Kumrushia mgeni jina la mfululizo tu, bila kumwambia aanzie wapi na mwendo unabadilika wapi, ni kumtega. Kanuni yenyewe si ngumu: mfululizo ukimfuata mhusika mmoja, soma kwa mpangilio, kwa sababu kitabu cha pili kinakuonyesha aliolewa na nani. Mfululizo ukiwa wa familia, kila kitabu na dada yake, kama vile vitano vya kwanza vya ukoo wa Walsh vya Marian Keyes, unaweza kuanza popote.

Na kwa kuwa nimemtaja Keyes, nilinyooshe jambo linalowachanganya wengi. Wepesi wa riwaya hautokani na kukosa huzuni. Rachel's Holiday inahusu uraibu, na bado inachekesha, kwa sababu Rachel anaingia kwenye kituo cha matibabu akiamini anakwenda mapumzikoni kwenye mabafu ya kifahari na watu maarufu, na msomaji anauona ukweli kurasa nyingi kabla yake. Wepesi unakaa kwenye sauti ya msimulizi, hasa ya nafsi ya kwanza anayejiona mwerevu kuliko alivyo. Unakaa kwenye mgawanyo pia: baada ya sura nzito inakuja sura ya rafiki mropokaji, mama mwenye ushauri usioombwa, mkutano wa kazini unaoharibika. Na unakaa kwenye ahadi ya mwisho, kwamba mhusika mkuu atafika mahali pazuri kuliko alipoanzia. Sauti na ahadi zikiwepo na mgawanyo usiwepo, mnapata kitabu kama Eleanor Oliphant Is Completely Fine cha Gail Honeyman, 2017: kinachekesha kwa jinsi Eleanor anavyoyatazama mambo ya watu, kisha kinakushusha kwenye upweke, pombe na nia ya kujiua kabla ya kukuinua. Kipendekezeni, lakini semeni hivyo.

Jingine: mnachanganya riwaya ya mapenzi na riwaya ya wanawake kila siku. Kipimo ni kimoja. Mwondoe mpenzi kwenye kitabu. Hadithi ikianguka, hiyo ni riwaya ya mapenzi, na msomaji anadai wapendanao wamalize pamoja. Ikisimama, kwa kuwa uti wa mgongo ni urafiki, kazi, dada waliogombana, talaka, au mama anayeanza maisha upya akiwa na miaka 60, hiyo ni riwaya ya wanawake, na mwisho wake mwema unaweza kuwa mwanamke aliye peke yake na ameridhika. Ukimpa msomaji wa mapenzi riwaya ya wanawake, anakitupa ukurasa wa mwisho. Ukimpa msomaji wa riwaya ya wanawake kitabu cha mapenzi, anachoka kwa mitazamano ya macho ifikapo sura ya tano.

Majalada sasa. Wachapishaji wamejaza majalada ya michoro: rangi za peremende, watu wawili wasio na nyuso, herufi za mviringo. Mchoro huo unawekwa kwenye kitabu kisicho na hata busu na kwenye kitabu chenye kurasa nzima za chumbani, bila tofauti yoyote. Watu wanawanunulia mabinti wa miaka 12 kwa kuangalia jalada. Mpendekezaji aliyekisoma anajua kilichomo, na ana wajibu wa kutaja kiwango: mlango wa chumbani unafungwa (msomaji haoni kitu), unaachwa wazi (anaona), au hakuna mlango kabisa (mambo ya chumbani hayamo). Maneno matatu hayamchoshi mtu.

Kwa msomaji asiyetaka kubahatisha, sampuli ya bure ya kitabu cha kielektroniki inatosha kuamua. Soma muhtasari wa nyuma kwanza na utafute maneno ya hatari: "siri ya zamani", "msiba", "kila kitu kinabadilika usiku mmoja", "hutasahau". Mawili yakikutana, uzito upo. Kisha soma sura ya kwanza na uangalie tatizo linaloletwa. Kazi imepotea, nyumba ya kushirikiana na mtu asiyemjua, harusi ya mchumba wa zamani: hayo yanarekebishika, na kitabu kinacheza humo. Kama kufikia mwisho wa sura kuna kaburi au simu ya hospitali, jiandae. Ukimaliza, nenda kwenye maoni ya wasomaji ya nyota tatu. Ya nyota tano yanasifu na ya nyota moja yanagombana. Ya nyota tatu ndiyo yanayosema "katikati inavuta" au "sikutegemea kifo cha baba". Na angalia mwaka wa toleo la kwanza, si wa jalada jipya, maana vingi vya miaka ya 1990 vimevalishwa upya, na utani wa unene na kuhesabu kilo umebaki mlemle. Kuna wanaocheka, kuna ambao utani huo unawafungulia kidonda.

Waombaji, nanyi hamjapona. "Naomba kitabu kizuri" si ombi. Taja kitabu cha mwisho ulichokipenda na kilichokuvuta, kile ulichokiacha na uliachia wapi, na mada moja usiyotaka kuigusa sasa. Aliyefiwa aseme amefiwa. Anayejaribu kupata mtoto aseme, kwa sababu riwaya hizi hupenda mno kumaliza kwa ujauzito wa ghafla, na hakuna muhtasari wa nyuma unaotaja hilo.

Kisingizio kwamba maonyo yanaharibu utamu kifike mwisho. Taja mada, usitaje mhusika wala sura. "Kuna kuharibika kwa mimba, katikati, kurasa chache" haijamharibia mtu chochote. Imemwezesha kuchagua siku ya kusoma.

Kuanzia hapa chini, anayependekeza aandike jina na mwandishi, mwaka, tatizo kuu kwa sentensi moja, mapenzi yamebeba sehemu gani, mlango uko vipi, kilicho kizito ndani, na mwisho ni wa aina gani. Jina tupu likiwekwa, nitauliza hayo saba moja baada ya jingine. Tuanze na riwaya za marafiki na za kazini, ndizo zinazoombwa na kukosewa zaidi.