Mashati ya marehemu baba: nataka kuishonea familia mifarishi ya viraka, naombeni ushauri

Binti wa Pili:
Habari za wakati huu wanajamvi.

Baba yetu ametangulia mbele ya haki, na nguo zake bado zimo kabatini kwa mama. Nyingi ni mashati ya mikono mirefu: ya mistari, ya madrafti, na meupe ya kuvalia suti. Nimewaza niyageuze mifarishi ya viraka, yaani mablanketi ya vipande vya nguo vilivyounganishwa, mmoja wa mama na mmoja mmoja kwa ndugu zangu watatu, kila mtu awe na kitu cha baba cha kujifunika. Cherehani naimudu, nimeshona magauni na mapazia, ila mfarishi sijawahi kuugusa.

Yanayonitatiza ni haya. Mfarishi mmoja unakula mashati mangapi? Yaliyochakaa yanafaa? Ningependa nishone kwa mkono tupu kwa kuwa ni zawadi, je, ni busara? Na kubwa zaidi: kaka yangu mkubwa anasema nguo za baba hazikatwi. Mama sijamwambia, nilitaka nimfanyie mshtukizo. Dada yangu naye ana kichanga, nilifikiri na yeye mtoto nimshonee kadogo.

Fundi Bitana:
Pole kwa msiba, dada. Nianze na hesabu, maana ndiyo itakayokuambia kama mashati yanatosha.

Mfarishi wa kujifunika ukiwa umekaa, sentimita 120 kwa 150, ukiushona kwa miraba ya sentimita 15 unataka miraba 80: 8 kwa upana, 10 kwa urefu. Kila mraba ukate sentimita 16.2, kwa sababu nafasi ya mshono ni milimita 6 kila upande. Mgongo wa shati la mtu mzima unatoa miraba kama 9. Ukijumlisha mikono na vifua, shati zima linakupa 16 hivi likiwa halijachakaa. Kwa hiyo mashati 5 kwa mfarishi mmoja, na weka la 6 la akiba.

Kabla ya kukata, fua yote, kausha, piga pasi. Pamba hurudi, yaani hupungua, ikifuliwa, na ukishona kitambaa kilichokwisha kurudi pamoja na ambacho bado hakijarudi, mfarishi utajikunja siku ya kwanza unapofuliwa. Halafu inua kila shati mbele ya dirisha. Kwenye viwiko, kwapani na shingoni utaona mwanga unapenya. Hapo usikate kiraka, hakitadumu.

Kitindamimba:
Dada, kwenye hesabu sina neno. Mshtukizo ndio nausimamia hapa, usifanye.

Mjane anayefungua kabati na kukuta nafasi tupu haoni zawadi, anaona kuwa vitu vya mumewe vimechukuliwa bila yeye kuulizwa. Hata ukimletea mfarishi mzuri kiasi gani baadaye, ile siku ya kabati haifutiki. Kaa naye. Mwambie unachofikiria, kisha mwachie atoe mashati mwenyewe. Inawezekana kuna moja analoshika usiku. Inawezekana kuna ambalo hajalifua makusudi, kwa ajili ya harufu. Hayo hayaguswi na mkasi.

Na kaka yako msikilize, hasemi upuuzi. Mwulize anataka shati gani libaki zima, mpe. Mtu akiwa na lake mkononi, yale mengine hayamuumi sana yakikatwa.

Bibi Subana:
Kitindamimba kasema kweli tupu.

Mimi nijibu la mkono. Wanangu wote nimewashonea kwa mkono, na bado nakushauri uchanganye. Viraka viunganishe kwa cherehani, mshono wa milimita 2 hadi 2.5, maana ndio unaobeba uzito. Mkono uuweke kwenye kushonea tabaka tatu pamoja: uso, pamba ya katikati, na bitana, yaani kitambaa cha upande wa chini. Hiyo ndiyo kazi inayoonekana na ndiyo atakayoipapasa mama yako. Ukitaka vyote kwa mkono kwa watu wanne, wa mwisho atasubiri mpaka achoke.

Bitana na pamba vikate vizidi uso kwa sentimita 10 kila upande. Vilaze sakafuni, bitana chini ikiwa imenyooshwa, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, ukianzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, kitambaa kinajikusanya katikati na huwezi kukirekebisha bila kufumua. Hapo usiwe na haraka hata kidogo.

Sindano chukua fupi, uzi wa pamba usiozidi urefu wa kutoka kidoleni hadi kiwikoni, la sivyo unasokotana na kuchakaa ukiwa bado unashona. Fundo livute kwa ghafla lizame ndani ya pamba, lisibaki juu. Na subana, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, uvae, hata kama mwanzoni inakukera.

La kichanga: mshonee, lakini mwambie dada yako asimlaze nao. Mtoto wa chini ya mwaka 1 halazwi na kitu kizito kilicholegea kitandani, kinaweza kumfunika uso akakosa hewa. Wa kumtandikia chini acheze huku anatazamwa, sawa. Vifungo vyote vya mashati viondoe kwenye huo wake.

Sindano Butu:
Mimi sikubaliani na mifarishi minne. Shona mmoja mzuri wa mama, ndugu zako wape mito. Mto wa sentimita 45 ni miraba 9, yaani mgongo wa shati moja tu! Kila mmoja achague shati lake. Unamaliza kazi ukiwa bado unaipenda, na mashati mengi yanabaki mazima.

Halafu kama kuna fulana, usizichanganye hivihivi. Zinavutika. Zibandike kwanza kwa pasi kitambaa cha gundi nyuma yake ndipo ukate. Suruali za suti ziache, uzito wake utavuta mashati.

Binti wa Pili:
Nawashukuru sana. Nimekwenda kwa mama. Amenyamaza kwanza, kisha akaanza kuyatoa moja moja na kunieleza kila moja baba alilivaa wapi. Mengine nilikuwa siyajui kabisa hayo. La madrafti ya bluu amelirudisha kabatini. Kaka amechukua jeupe moja. Nimekubali wazo la mito.

Mama ameomba kitu kimoja: mfuko wa kifuani, ule wa kalamu, ubaki ukiwa mfuko kweli. Una doa la wino chini. Nifanyeje?

Bibi Subana:
Doa usilitoe.

Kata mraba ukiupima kutoka kwenye mfuko: mfuko ukae katikati, ubakize angalau sentimita 2 kila upande kabla ya mstari wa kukatia. Ikiwa hautoshi kwenye sentimita 15, fanya mraba huo uwe wa 30 na uchukue nafasi ya minne. Nyuma yake ongeza kitambaa chepesi, maana eneo hilo huwa limelegea kwa kubeba vitu. Unaposhona tabaka tatu, zunguka mfuko kwa nje, usipite juu yake, la sivyo unaufunga.

Fundi Bitana:
Na uuweke safu ya tatu au ya nne kutoka juu, ndipo mkono wa mtu aliyekaa unapofika.

Ukifika kwenye upindo, yaani ukanda wa kufunga kingo za mfarishi, kata vipande vya upana wa sentimita 6, kunja mara mbili, unganisha kwa mshazari ili maungio yasifanye nundu. Mzunguko wako ni sentimita 540, andaa 565 kwa ajili ya kona. Kwenye kona ya bitana shonea kitambaa kidogo chenye jina la baba, jina lako na mwaka. Andika kwa uzi, wino wa kalamu hufifia ukifuliwa. Kufua ni kwa maji baridi, kuanika kivulini ukiwa umelazwa, kwa sababu ukining'inia na maji, uzito wote unaangukia mishono ya juu.

Ukikwama kwenye kona za upindo rudi hapa na picha.