Watu wa bahari mliopanda mlima na begi mgongoni, tupeane uzoefu wa ile siku iliyowashinda

Nahodha Mkavu, Malindi
Asalam aleikum wanajamvi. Niko barazani naangalia kucha ya kidole gumba cha mguu, nyeusi tii, wiki ya tatu hii bado haijaamua inatoka au inabaki, nikasema wacha nifungue uzi. Sisi tumekulia mahali ukipanda ngazi za gorofa ya pili ushafika juu, mlima wetu Malindi ni Marafa na hata ule si mlima ni shimo. Sasa mtu wa aina hiyo anaamka anajitwika begi anaenda Mlima Kenya. Tupeane ile siku moja, picha za kileleni muweke wenyewe tushaziona.

Naanza mimi. Tulipita njia ya Sirimon, mimi na wenzangu wawili na kijana wa Nanyuki aliyetuongoza. Siku ya kwanza kutoka getini mpaka kambi ya Old Moses ni kama kilomita 9 za barabara ya gari, nikacheka, kumbe ndio hii tu. Siku ya pili unatoka hapo Old Moses mita 3,300 unaenda kambi ya Shipton's mita 4,200, kilomita kama 14, nikapiga hesabu nikaona hii si ni Malindi mpaka Mambrui tu. Lakini Mambrui huteremki mtoni ukapanda ukateremka tena ukapanda, ule mto wa Liki unauona kule chini unafurahi, halafu unainua macho unaona njia ilivyosimama upande wa pili unanyamaza. Yule kijana kila saa ananiambia pole pole, na mimi nikaona ananifundisha Kiswahili mtu wa Malindi, nikakaza mwendo.

Saa tano ikaanza mvua ya barafu, punje punje kama chumvi ya mawe, na mimi nimevaa jinsi. Jinsi ikirowa ni kama umefungwa nanga. Koti la mvua nililiweka chini kabisa ya begi, chini ya mchele na unga, nashika zipu vidole havishiki, naviona vimo pale lakini si vyangu, mpaka mwenzangu akaifungua kwa meno. Tulipoingia lile bonde la Mackinder lenye ile miti kama kabichi limewekwa juu ya mgomba nikatapika chai yote, kichwa kinagonga, na wanasema nilimuuliza yule kijana kwa sauti ya kawaida kabisa maji yanajaa saa ngapi leo. Mimi sikumbuki. Alisimama akanitazama, akanivua begi akavaa yeye mbele ya lake, akasema jioni ukiwa hivi hivi tunashuka usiku usiku. Shipton's tulifika saa kumi na moja, nafungua mfuko nakuta pakiti ya mabuyu imefura kama mpira. Wenzangu walitoka saa tisa za usiku wakaenda kilele cha Lenana, mita 4,985. Mimi Lenana naijua kwenye simu ya mwenzangu.

Jahazi la Mzee
Jinsi? Yakhe wewe ulikuwa waenda harusini.

Binti Shela
Pole kakangu. Mimi nilienda Kilimanjaro njia ya Marangu, na yangu ni ndefu kwa sababu ile siku yenyewe haikuisha. Mnaamshwa kambi ya Kibo kabla ya saa sita usiku, mita 4,720, mnapewa chai na biskuti na hakuna anayetaka biskuti. Halafu ni kifusi, changarawe, hatua mbili mbele moja nyuma, tochi za walio juu unaziona kama taa za madau usiku, ila hizi ziko juu ya kichwa chako. Nimevaa leso mbili ndani ya koti na sitaki kusikia neno, zilinifaa kuliko ile sweta ya kukodi. Maji nilibeba ya mpira wa kunyonya, mpira ukaganda saa nane, nikapanda na lita mbili mgongoni na kiu mdomoni. Chupa ya kawaida ingenifaa, tena uipindue kichwa chini ndani ya soksi, barafu huanza juu kwa hivyo upande wa mdomo unabaki maji.

Gilman's Point, pale ukingoni mwa shimo la volkano, nilifika jua linachomoza, 5,685. Kilele chenyewe, Uhuru, ni 5,895, ukisikia ni mita 210 tu, lakini kwa miguu ni kuzunguka ukingo mzima na mimi nilikuwa nahesabu hatua kumi nasimama, kumi nasimama. Nikageuka. Nililia kidogo, si kwa huzuni, nilichoka tu. Na mtu hakuambii kwamba siku ile ile unateremka mpaka kambi ya Horombo, 3,720, magoti yanacheza taarab. Nimeingia kibandani nimelala na viatu.

Hewa ya huko juu ni kama nusu ya hii tunayovuta hapa, na bado mama alinipokea na neno moja, "Wenda kutafuta nini huko?" Mpaka leo namjibu kesho.

Mwana wa Mokowe
Mimi nilijitayarisha wallahi. Miezi miwili kila alfajiri Shela mpaka Kipungani kwa ufuo na begi limejaa mchanga, punda wananishangaa. Miguu ilikuwa chuma, kupanda sikuona taabu. Ikanikuta kushuka Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, kile kinamasi cha mteremko, giza limeingia na tochi ikafa kwa sababu betri nililaza nje ya mfuko wa kulalia na baridi ikazimaliza. Mguu ukaingia topeni mpaka gotini, nikauvuta ukatoka mguu, kiatu kikabaki. Nimelala kifudifudi mkono mzima ndani ya tope napapasa kiatu kama mtu atafuta chaza. Nilikipata. Kimejaa maji ya barafu na nikakivaa hivyo hivyo, ningefanyaje.

Ummu Salma
Nahodha nisamehe, hadithi yako imenichekesha lakini ile ya maji kujaa haichekeshi. Nilikuwa na mwenzangu Mlima Kenya huko huko, njia ya Chogoria, akaanza kujikwaa mahali hapana jiwe na kutuita majina ya ndugu zake. Kiongozi wetu alimwambia tembea, kisigino kiguse kidole, mstari ulionyooka. Akapepesuka. Hapo hapo tukageuka, hatukungoja asubuhi, hatukumpa panadol tukalala, maana huo ni ubongo unafura na dawa yake kubwa ni kushuka. Mita mia kadhaa chini akaanza kutujibu kwa akili. Wewe ulilazwa 4,200 ukiwa umechanganyikiwa mchana, wallahi ulibahatika.

Nahodha Mkavu, Malindi
Ummu Salma sina la kujitetea. Lile la mstari yule kijana alinifanyia jioni nikapita, na usiku alikuja mara mbili kunimulika tochi na kuniuliza siku gani leo. Mara ya pili nikamjibu kwa hasira, akacheka akaenda kulala. Lakini mchana ule tulipaswa kugeuka.

Jahazi la Mzee
Na hio kucha?

Nahodha Mkavu, Malindi
Viatu vya kuazima, 41 na mimi ni 42, kwenda juu huvihisi, kushuka vidole vinagonga mbele kama mlango. Mwenyewe keshasema havitaki tena. Mwenye mguu mdogo aje achukue, soksi sitoi.